Mraba Mtupu: Historia ya Herufi Zilizokosa Nafasi Kwenye Mashine

Mtu anayetumia kompyuta ya Linux mjini Kampala akataka kuandika Kijapani huweza kukutana na jambo la kukatisha tamaa. Anabonyeza vitufe, mashine inaitika, lakini kwenye skrini inatokea miraba mitupu iliyopangana kama madirisha ya ghorofa ambalo halijamalizika kujengwa. Fundi atamwambia kwamba hiyo ni shida ya fonti, na huenda akawa amesema kweli. Kwa mwanafunzi wa historia, hata hivyo, jibu hilo halitoshi. Fonti haikukosekana yenyewe. Kuna watu walioamua herufi zipi ziingie kwenye mashine, zipewe namba gani, na zichorwe kwa umbo la nani. Waliofanya maamuzi hayo wana majina, na maamuzi yenyewe yana tarehe.

Katika insha hii ninafuatilia maamuzi hayo kupitia lugha tatu: Kijapani, Kiganda na Kiswahili. Hoja yangu ni kwamba kila lugha ilikabiliana na mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya wengine, na kila moja ikachukua njia yake. Kijapani kilijitengenezea mashine. Kiswahili kilijipunguza ili kienee kwenye mashine iliyokuwapo. Kiganda kilidai herufi yake, kisha kikasubiri miaka mingi mashine ije kuifikia. Athari za njia hizo tatu bado tunaziona leo, na gharama yake inalipwa hata katika kazi zetu za utafiti.

Tabaka tatu za tatizo moja

Kabla ya kuingia katika historia, ni vizuri tutenganishe mambo matatu ambayo skrini huyachanganya. La kwanza ni kuingiza: vidole vinabonyeza nini, na ni programu gani inayofasiri mibonyezo hiyo. La pili ni kuhifadhi: ni namba gani inayoandikwa ndani ya faili. La tatu ni kuonyesha: ni fonti gani inayochora umbo la namba hiyo. Hitilafu inaweza kukaa katika tabaka moja huku nyingine mbili zikiwa salama kabisa.

Mwaka jana mwanafunzi mwenzangu anayejifunza Kijapani aliniletea kompyuta mpakato yake, iliyonunuliwa mjini ikiwa imeshatumika. Kila alichoandika kilikuwa miraba. Nilinakili miraba hiyo kwenye faili tupu, nikasoma namba zilizohifadhiwa. Mojawapo ilikuwa 76F4, ambayo katika mpango wa Unicode ni namba ya kanji 直, yenye maana ya kunyooka. Kwa hiyo kuingiza kulikuwa sawa na kuhifadhi kulikuwa sawa. Nilipoandika amri fc-list :lang=ja, inayoorodhesha fonti zinazoweza kuchora Kijapani, mashine haikurudisha hata mstari mmoja. Tabaka la tatu lilikuwa tupu.

Fundi mmoja aliyepata habari hiyo kabla yetu kumaliza alimwekea fonti aliyokuwa nayo, WenQuanYi, iliyotengenezwa kwa ajili ya Kichina. Miraba ikatoweka. Lakini mwenzangu alitazama 直 kwa muda mrefu, akasema kwamba hii siyo ile iliyomo katika kitabu chake. Alikuwa sahihi. Katika umbo la Kijapani kuna mstari unaoshuka upande wa kushoto kisha kukunja kuelekea kulia. Katika umbo la Kichina cha bara mkunjo huo haupo. Namba ni ileile, umbo ni tofauti. Tuliweka fonti ya Noto Sans CJK, tukaandika katika mipangilio ya fontconfig kwamba Kijapani kitangulie.

Likabaki jambo la mwisho: programu moja ilikataa kabisa kanji na kuonyesha herufi za Kilatini tu. Programu hiyo ilikuwa ya ukoo wa Qt, na hakuna aliyekuwa ameiambia izungumze na nani ili ipate kanji. Tulijaza neno ibus katika kigezo cha QT_IM_MODULE, tukatoka kwenye mfumo na kuingia tena, nayo ikatii. Hitilafu tatu, tabaka mbili tofauti, na nyuma ya kila moja kuna historia yake.

Kijapani: kujitengenezea mashine

Kijapani huandikwa kwa mchanganyiko wa hiragana, katakana na kanji. Hiragana na katakana ni herufi za silabi, chache na rahisi kupanga. Tatizo ni kanji. Orodha ya serikali ya Japani ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina 2,136, na nje ya orodha hiyo zimo nyingine maelfu. Hakuna kibodi ya vidole kumi inayoweza kuzibeba.

Mwaka 1915 Kyota Sugimoto alibuni taipureta ya Kijapani yenye sinia la vipande vya chuma vipatavyo 2,400. Mpiga chapa alisogeza mkono wa mashine juu ya sinia, akatafuta kipande, akakigonga, akatafuta kingine. Ilikuwa kazi ya ujuzi mkubwa na mwendo mdogo, lakini ilikuwa mashine yao, iliyokubali maandishi yao jinsi yalivyo.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1978. Mwaka huo Japani ilitoa kiwango cha JIS C 6226 kilichozipa namba alama 6,802, kanji 6,349 zikiwa ndani yake. Mwaka huohuo kampuni ya Toshiba ilitangaza mashine ya kuandikia iliyoitwa JW-10. Ukubwa wake ulikuwa kama wa meza, uzito wake kilo zipatazo 220, na bei yake yeni milioni 6.3. Kilichokuwa kipya ni mbinu yake: mwandishi anaandika sauti, mashine inapendekeza kanji, mwandishi anachagua.

Msomaji wa Kiswahili ataielewa mbinu hiyo akifikiria neno paa. Kuna paa la nyumba, kuna paa wa porini, na kuna kupaa angani. Sisi huandika yote kwa herufi zilezile na kuacha muktadha uamue. Kijapani hakifanyi hivyo: sauti hashi inaweza kuwa daraja, 橋, au vijiti vya kulia chakula, 箸, au ukingo wa kitu, 端, na kila moja ina kanji yake. Kwa hiyo baina ya kidole na faili lazima akae mpatanishi mwenye kamusi.

Katika miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Kyoto pamoja na kampuni za Omron na Astec walitengeneza mpatanishi wa namna hiyo kwa ajili ya kompyuta za Unix, ambazo Linux ilirithi mengi kutoka kwao. Walimwita Wnn, kifupi cha sentensi ya Kijapani yenye maana ya "jina langu ni Nakano", kwa sababu lengo lao lilikuwa mashine iweze kubadili sentensi nzima kama hiyo kwa mkupuo mmoja. Wnn ilikuwa programu inayojitegemea, iliyokaa pembeni na kuhudumia programu nyingine. Mfumo wa madirisha wa X ulianza kuweka mlango rasmi wa wapatanishi kama huyo katika toleo lake la mwaka 1991, na toleo la mwaka 1994 likaimarisha itifaki yake. Baadaye wakaja SCIM, IBus na Fcitx, na mwaka 2010 Google ikatoa Mozc ikiwa programu huria.

Mpangilio huo ndio unaoeleza hitilafu ya tatu ya mwenzangu. Mpatanishi akiwa programu ya pembeni, kila programu nyingine lazima ielekezwe mlango wa kupiga hodi. Isipoelekezwa, hupita moja kwa moja na kuandika herufi za Kilatini. Hata leo, katika mfumo mpya wa Wayland ambao hauruhusu programu kujichagulia mahali pa kukaa kwenye skrini, dirisha dogo la kuchagulia kanji wakati mwingine hufunguka mbali na mstari unaoandikwa. Suluhisho la miaka ya 1980 bado linatafuta namna ya kuishi katika nyumba mpya.

Kampala: herufi moja na alama moja

Sasa turudi nyumbani. Alexander Mackay, mmisionari na fundi aliyefika Buganda mwaka 1878, alichonga herufi za kuchapia kwa mikono yake. Anayechonga herufi mwenyewe anaweza kuchonga anayoitaka. Uhuru huo ulipungua taipureta za Kiingereza zilipoenea maofisini, kwa sababu herufi zake zilikuwa zimeshaamuliwa kiwandani.

Kiganda na Kiswahili vina sauti moja ambayo Kiingereza hakina herufi yake: ile ya mwanzo wa neno ng'ombe. Mwaka 1927 taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Afrika, yenye makao yake London, ilitoa mapendekezo ya tahajia za lugha za Afrika. Kwa sauti hiyo ilipendekeza herufi ŋ. Mapendekezo yalikuwa mazuri kwa mtu anayeandika kwa kalamu. Kwa karani mwenye taipureta yalikuwa mtihani.

Kiswahili kilichagua njia ya karani. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930 ikizihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kiswahili sanifu kikaandikwa kwa herufi zilizomo kwenye taipureta yoyote, na sauti yetu ikaandikwa kwa herufi mbili na alama ya ritifaa: ng'.

Kiganda kilikwenda njia nyingine. Mkutano wa Baganda wa mwaka 1947 ulipoweka tahajia sanifu, herufi ŋ ilipewa nafasi ndani ya alfabeti. Ndiyo maana tunaandika eŋŋoma kwa ngoma, eŋŋaano kwa ngano na eŋŋamiya kwa ngamia. Aliyekuwa na taipureta ya kawaida aliendelea kupiga ng', au alipiga n kisha akaongeza mkia kwa kalamu.

Mwaka 1952 Kamati ya Lugha ilihamia hapa Kampala, Makerere, ikakaa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipopelekwa Mombasa na baadaye Dar es Salaam. Kwa miaka hiyo, basi, kwenye kilima kimoja ziliishi pamoja sera mbili kuhusu sauti moja: lugha moja imeikubali mashine, nyingine inaisubiri.

Umbo la nani?

Kompyuta zilipofika, zilikuja na mipaka mipya. Kiwango cha ISO 8859-1 cha mwaka 1987, kilichotawala kompyuta nyingi, kilihudumia lugha za Ulaya Magharibi na hakikuwa na ŋ. Herufi hiyo ilipatikana katika kiwango cha ISO 8859-10 cha mwaka 1992, kilichotungwa kwa ajili ya lugha za Ulaya ya Kaskazini. Wasami, watu wa kaskazini ya mbali ya Norwe, Uswidi na Ufini, nao huandika ŋ.

Hapa ndipo Linux inapohifadhi ushahidi ambao mwanahistoria anaufurahia. Katika orodha ya lugha za glibc, maktaba ya msingi ya mfumo huo, Kiganda cha Uganda kimeandikwa mara mbili: mara moja kwa Unicode, na mara moja kwa ISO 8859-10. Maana yake ni kwamba kabla Unicode haijaenea, njia ya Mganda kuandika herufi yake kwa kiwango cha kimataifa ilikuwa kupanda mashua iliyochongwa kwa ajili ya Wasami.

Mashua ya kuazima ina masharti yake. Unicode, iliyotoa toleo la kwanza mwaka 1991, iliipa herufi ndogo namba 014B na herufi kubwa namba 014A. Kwa herufi ndogo hakuna ugomvi. Kwa herufi kubwa, Wasami hutumia umbo la N kubwa lenye mkia, ilhali waandishi wengi wa lugha za Afrika hupendelea umbo la n ndogo iliyokuzwa. Namba ni moja kwa maumbo yote mawili, na fonti ndiyo inayoamua. Fonti nyingi huchora umbo la Wasami. Fonti kama Charis na Doulos za SIL zinampa mwandishi nafasi ya kuchagua.

Msomaji atakuwa ameshaona kwamba hiki ndicho kisa cha 直. Unicode ilipounganisha kanji za Kichina, Kijapani na Kikorea, ilitoa namba moja kwa maumbo yaliyohesabiwa kuwa herufi moja, na toleo la mwaka 1992 likaingiza herufi 20,902 za aina hiyo. Wataalamu wa Japani walishiriki katika kazi hiyo, na bado wengine nchini mwao waliilalamikia kwa miaka mingi. Kuwapo mezani hakukuwapa kila walichotaka. Lakini waliingia na viwango vyao wenyewe vilivyotungwa tangu 1978, na leo mtumiaji wa Kijapani mwenye tatizo la umbo hupata fonti kadhaa za kuchagua. Kiganda kilipata namba kwa sababu wengine walikuwa na haja inayofanana. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. La Kiganda lilikuwapo kwa bahati.

Gharama ya kutokubaliana

Je, haya si mambo ya mafundi tu? Nilidhani mtu anaweza kuuliza hivyo, na jibu langu linatoka katika kazi ya kikundi chetu. Tulirekodi mahojiano na watengenezaji wa ngoma wa Mpambire, kwenye barabara ya Masaka, kisha kila mmoja wetu akaandika sehemu yake kwenye kompyuta. Mimi nilipewa kazi ya kuunganisha faili. Nilipotafuta neno eŋŋoma katika mahojiano ya mzee aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wote, kompyuta ilijibu sifuri. Yaani mtu aliyechonga ngoma maisha yake yote hakuitaja ngoma hata mara moja.

Mwandishi wa faili hiyo alikuwa ametumia ng'. Mwingine alitumia ng na ritifaa iliyopinda, ambayo programu ya kuandikia ilimgeuzia bila kumwuliza. Kwa jicho, ritifaa iliyonyooka na iliyopinda ni ndugu. Kwa kompyuta, ya kwanza ni namba 0027 na ya pili ni 2019, na utafutaji makini hauzichanganyi. Kiswahili nacho kimo katika shida hiyohiyo: njia ya karani iliyokuwa rahisi mwaka 1930 imekuwa na mtego wake, kwa kuwa alama moja ya taipureta imezaa namba kadhaa.

Kwa neno ngoma, upuuzi wa jibu la sifuri huonekana mara moja. Lakini kwa jina la mti unaochongwa ngoma ndogo, au la ukoo fulani, au la mdundo unaokumbukwa na mzee mmoja tu, tungeamini. Tungeandika kwamba neno hilo limetoweka, na msomaji wa miaka 20 ijayo angetunukuu. Mraba mtupu una heri, kwa kuwa unatangaza kwamba kuna kitu kimekosekana. Hatari zaidi ni herufi inayoonekana vizuri kwa jicho huku namba yake ikiwa nyingine.

Hitimisho

Haikuwa lazima mambo yawe hivi, na haitakuwa lazima yabaki hivi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Waliweza kwa sababu programu ilikuwa huria: aliyetaka kuibadilisha hakuhitaji ruhusa ya kiwanda. Mfumo huohuo huria ndio unaomruhusu mwanafunzi wa Kampala kufungua faili la mipangilio na kuamua ni umbo la nani litangulie.

Napendekeza mambo mawili ambayo idara zetu zinaweza kuyaanza bila bajeti. Kwanza, tukubaliane kwa maandishi kwamba katika kazi za Kiganda herufi ni ŋ yenyewe, na katika kazi za Kiswahili ritifaa ya ng' ni moja, kisha kila tasnifu ikaguliwe kwa hilo kabla ya kuingia maktabani. Pili, tufundishane njia iliyopo tayari: kwenye Linux, ukichagua kibodi ya Uingereza, ukibonyeza AltGr pamoja na g unapata ŋ, na ukiongeza Shift unapata herufi kubwa. Kitufe hicho kiko katika kompyuta nyingi za maabara zetu. Mkutano wa 1947 ulidai herufi bila kuwa na mashine ya kuiandika. Sisi mashine tunayo.